Shahada mbali na nyumbani, stashahada ya Arusha, au simu tu? Ulinganisho kwa anayetaka kusoma habari na mawasiliano

Mwaka wangu wa kwanza redioni, pale Moshi, niliandika habari ya mistari minne: bei ya kahawa imepanda mnadani. Mhariri aliisoma kwa sauti nikiwa nimesimama mbele ya meza yake, halafu akaanza maswali. Kahawa ya maganda au kahawa safi? Kwa kilo au kwa gunia? Mnada wa Moshi hutaja bei kwa dola kwa gunia la kilo 50, kahawa ikiwa imeshakobolewa. Mkulima wa Machame anayetusikiliza anauza kwa kilo, kwa shilingi, kahawa ingali na ganda lake. Sasa wewe unampandishia matumaini kwa bei ya nani? Nilirudishwa mara tatu. Habari ikasomwa saa mbili usiku ikiwa na mistari sita, na kila mstari nilijua umetoka wapi.

Nimemkumbuka mhariri yule kwa sababu ya binti wa dada yangu. Matokeo yake ya kidato cha sita yametoka: Historia D, Kiswahili B, Kiingereza C. Akanipigia. "Mama mdogo, shikamoo. Naomba uniambie ukweli. Niende Dar au Mwanza kusoma shahada, nibaki hapa Arusha nisome stashahada, au baba aninunulie simu nzuri nianze kazi?" Baba yake, shemeji yangu, anaelekea kwenye simu. Amepiga hesabu ya ada ya miaka mitatu na kuona ingetosha simu, kompyuta na pikipiki juu.

Mimi nimepita njia mbili kati ya hizo tatu. Nilisoma stashahada Arusha, nikafanya kazi redioni Moshi, kisha nikaenda kusoma shahada Kanda ya Ziwa nikiwa mtu mzima. Siku hizi nashughulikia mawasiliano ya kampuni moja ya utalii hapa mjini. Nitalinganisha gharama, muda, sheria na ajira, lakini kigezo ninachokitanguliza ni kingine: nani atakusahihisha kazi yako, na mara ngapi kwa wiki.

Mlango wa kuingilia, na hesabu ya miaka

Shahada inataka ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi 4 au zaidi, ambapo A ni 5, B ni 4, hadi E ambayo ni 1. Binti yetu anazo za kutosha. Asiyepitia kidato cha sita anaingia kwa stashahada yenye GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 au zaidi, na kabla ya kuomba lazima apate namba ya uthibitisho ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, ile AVN. Nimeona vijana wakikosa dirisha la kwanza la udahili kwa kuchelewa kuiomba tu. Maombi ya shahada hupelekwa moja kwa moja chuoni, na mwongozo wa kila mwaka wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ndio unaoonyesha kozi zilizoidhinishwa na sifa zake.

Stashahada ina milango miwili. Wa kidato cha nne mwenye angalau ufaulu wa masomo manne, yasiyo ya dini, huanzia ngazi ya 4, ya cheti, na kumaliza ngazi ya 6, ambayo ndiyo stashahada, kwa kawaida miaka mitatu. Wa kidato cha sita huweza kuanzia ngazi ya 5 na kumaliza kwa miaka miwili.

Hapo kuna hesabu ambayo wazazi wengi hawaipigi. Kwa aliyemaliza kidato cha sita, stashahada ni miaka miwili na shahada ni mitatu. Anaokoa mwaka mmoja tu! Kwa aliyemaliza kidato cha nne mambo ni tofauti kabisa. Akienda kidato cha tano na sita kisha shahada, ni miaka mitano kabla hajagusa mshahara. Akisoma stashahada, baada ya miaka mitatu anaweza kuwa kazini, na shahada akaisoma baadaye, kama nilivyofanya mimi. Kwa hiyo "stashahada ni ya haraka" ni kweli kwa mmoja na si kweli sana kwa mwingine.

Sheria inasemaje

Hili ndilo linaloondoa njia ya tatu kwa anayetaka kuitwa mwandishi wa habari. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake za 2017 zimeweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu ya mwanahabari. Kwa miaka kadhaa watu waliishi kama vile sharti hilo halipo. Mwaka 2025 Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, JAB, ilianza kutoa vitambulisho vya kidijitali, na tangu hapo swali la cheti limekuwa la kila siku. Najua watangazaji wazoefu, wenye sauti zinazotambulika kutoka Himo hadi Monduli, waliolazimika kurudi darasani wakiwa na wajukuu.

Kwa upande wa sheria, basi, stashahada na shahada ziko sawa, zote zinakupa kitambulisho. Tofauti yao iko kwenye ajira.

Shahada

Kwanza ujue unachoomba. Majina yanafanana lakini kazi hazifanani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano kwa Umma, kimekuwa na shahada tatu tofauti: uandishi wa habari, mawasiliano kwa umma, na uhusiano wa umma na matangazo. Mizizi ya shule ile ni Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, kilichounganishwa na UDSM mwaka 2003, na ina Mlimani TV na redio yake. Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT, pale Nyegezi, ambacho kimelisha vyumba vingi vya habari nchini na kina Radio SAUT FM. Kutoka Arusha kwenda huko ni safari ya kutwa nzima kwa basi, kupitia Babati, Singida na Shinyanga. Weka nauli hiyo kwenye hesabu, mara mbili au nne kwa mwaka.

Mtu wa uandishi wa habari anafundishwa kutafuta na kuthibitisha. Mtu wa uhusiano wa umma anafundishwa kuisemea taasisi. Mawasiliano kwa umma iko katikati, inagusa vyote kidogo kidogo. Mzazi husikia "habari" akadhani ni kozi moja.

Kilichonifaa mimi kwenye shahada ni utafiti na sheria. Sikutarajia. Nilikwenda nikidhani nitajifunza kamera, nikajifunza kusoma takwimu, kutengeneza dodoso, kutofautisha maoni ya watu kumi na maoni ya mji. Leo meneja akiniambia tangazo letu limefanya vizuri kwa sababu limetazamwa mara nyingi, naweza kumuuliza ni wangapi kati yao waliandika barua pepe kuuliza bei. Uwezo wa kuuliza hilo nilitoka nao darasani.

Lakini ukweli wa upande wa pili nao ni huu. Mihula miwili ya kwanza nilishika kamera mara mbili, na mara zote tulikuwa kundi la watu kumi na tano wenye kamera moja. Kazi zangu za kuandika zilirudi na alama bila neno. Mhadhiri hakuwa mvivu, alikuwa na rundo la karatasi lisilobebeka. Wenzangu waliotoka sekondari moja kwa moja walimaliza miaka mitatu wakiijua nadharia vizuri na bila habari hata moja iliyowahi kurudishwa mezani. Waliosalimika ni wale waliojipeleka wenyewe kwenye redio ya chuo tangu mwaka wa kwanza, wakavumilia kufukuzwa fukuzwa mpaka wakaachiwa kusoma matangazo ya vifo. Hao ndio ninaokutana nao kazini leo.

Kuhusu ajira, shahada inafungua milango ambayo kwa mtu wa Arusha iko umbali wa daladala moja. Hapa ndipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na TANAPA. Nafasi za kitaaluma kwenye taasisi za namna hii huanzia shahada. Serikalini, Afisa Habari Daraja la II anatakiwa awe na shahada, na halmashauri zote zinahitaji watu hao. Nilipokuwa na stashahada nilizisoma nafasi hizo kwenye tovuti ya ajira, nikazifunga. Nilifanya hivyo kwa miaka minne, na ndiyo iliyonipeleka chuo kikuu.

Stashahada hapa hapa

Vyuo vya kati vya uandishi wa habari Arusha si vya kudharauliwa, na nasema hivi kama mtu aliyetoka humo. Darasa letu lilikuwa dogo kiasi kwamba mwalimu alijua nani hawezi kutamka "r" na nani anaogopa kupiga simu. Walimu kadhaa walikuwa bado kazini. Anakufundisha asubuhi, jioni unamsikia hewani, kesho yake unamuuliza kwa nini alikata mahojiano yale. Mkoa una redio nyingi, Kilimanjaro nako vivyo hivyo, kwa hiyo nafasi ya mafunzo kwa vitendo, fildi kama tunavyoiita, haikusumbui sana kuipata. Unalala kwenu, unakula kwenu.

Ugumu wake ni pesa ya mwanzo na pesa ya baadaye. Ya mwanzo ni kwamba Bodi ya Mikopo, ambayo kwa shahada inaweza kukupa bumu, yaani pesa ya kujikimu, ilipoanza kukopesha ngazi ya stashahada mwaka wa masomo 2023/24 ilielekeza fedha kwenye fani chache kama afya, ualimu, kilimo na madini. Habari haikuwamo. Usome mwongozo wa mwaka wako, lakini jiandae kujilipia. Ukweli huu unageuza hesabu ya shemeji yangu: shahada yenye mkopo inaweza kuiumiza familia kidogo kuliko stashahada isiyo na mkopo. Mkopo hulipwa baadaye, ndiyo, nao hukatwa kwenye mshahara. Ni deni, na liitwe deni.

Pesa ya baadaye ni mshahara. Redio nyingi ndogo humpokea mhitimu kwa "kujitolea". Mimi nilijitolea miezi saba. Nauli nilikuwa naomba nyumbani, nikiwa na cheti. Wengine hulipwa kwa habari moja moja. Hapo ndipo vijana wanapoanza kuishi kwa bahasha za semina, yaani pesa wanazopewa na waandaaji, na ukishaizoea bahasha, habari inayomuudhi mwenye bahasha huiandiki tena. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona watu wenye vipaji wakiishia hapo.

Hata hivyo, mhariri wa kahawa nilimpata kwa njia ya stashahada. Kwa kigezo changu cha kusahihishwa, miaka yangu miwili ya mwanzo redioni inazidi miaka yote mitatu ya shahada.

Shahada ya fani nyingine

Hili nalisema kwa kifupi. Ukitaka zaidi upande wa biashara mtandaoni kuliko habari, shahada ya masoko, utalii au TEHAMA inaweza kukufikisha, na Arusha waajiri wa utalii hawasumbuki na jina la kozi kama unaandika Kiingereza safi na unajua tovuti inavyopatikana Google. Usitegemee tu kwamba shahada hiyo pekee itakufanya mwanahabari mbele ya JAB.

Simu tu

Shemeji yangu ana hoja, na siidharau. Kuna kijana mmoja wa mtaa wa Sakina anayepigia video nyumba za wageni na migahawa. Anahariri kwenye simu akiwa amekaa kwenye kibao cha duka la mama yake, na kwa mwezi mzuri anaingiza kuliko mtangazaji aliyeajiriwa. Hakusoma mahali. Jicho analo.

Mvua kubwa iliponyesha mwaka mmoja akarusha picha ya daraja lililovunjika, akaandika ni njia ya kwenda mbugani. Haikuwa Tanzania. Alitumiwa kwenye kundi, akairusha. Siku ile ile wageni wetu wawili walitaka kuahirisha safari, na tukashinda kutwa tukipiga simu kuthibitisha kwamba barabara iko salama. Nilipompigia hakubisha, alisikitika kweli. Hakuwahi kuonyeshwa kwamba picha hutafutwa asili yake kabla ya kurushwa, jambo la dakika mbili. Hakuna mtu kati ya wafuasi wake ambaye kazi yake ni kumrudishia habari mezani. Wanapenda au wanatukana, basi.

Sheria nayo haimsamehi kwa sababu hakusoma. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, yenye kifungu cha taarifa za uongo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018, zikabadilishwa 2020 na 2022, na anayerusha habari mtandaoni bado anahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Haya yote kozi nzuri inakufundisha ndani ya muhula mmoja.

Halafu kuna hatari ya kusimamia mguu mmoja. Mei 2025 mtandao wa X uliacha kupatikana hapa nchini. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Mwenye ujuzi wa kuandika, kuhoji na kuhariri alibaki na ujuzi wake. Mwenye akaunti tu alibaki anaangalia skrini.

Hiyo "kidijitali" ni nini hasa

Vyuo vyote sasa vinaweka neno kidijitali kwenye matangazo yao. Nikueleze kazi yangu ya Jumanne iliyopita badala ya neno. Asubuhi nilisoma ukurasa wa tovuti yetu ambao mwenzangu aliuandika kwa msaada wa akili mnemba. Kiingereza kilikuwa kitamu. Kilisema nyumbu huzaa Julai kaskazini mwa Serengeti. Nyumbu huzaa kati ya Januari na Machi, wengi wao Februari, huku kusini upande wa Ndutu. Julai ndipo wanapoanza kufika Mto Mara. Mgeni angelipia tiketi ya ndege kutoka Ujerumani kuja kuona ndama wasiokuwepo. Nikaandika upya. Mchana nikaweka maandishi ya Kiswahili kwenye video ya mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, nikakaa dakika arobaini nikitafuta namna ya kuandika alichosema bila kukigeuza. Jioni nikaangalia takwimu za wiki.

Hakuna programu katika hayo ambayo huwezi kujifunza kwa mwezi. Kuuliza nyumbu wanazaa lini ni swali lile lile la kahawa ya maganda.

Jambo moja zaidi, na nalitaka likae kwenye kichwa cha binti yetu mwenye B ya Kiswahili: lugha yako ni mtaji wa kazi hii. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2021, Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha ya kazi 2022, na UNESCO imekitengea tarehe 7 Julai. Wanaoweza kukiandika kwa ufasaha kwenye tovuti, kwenye maandishi ya video, kwenye tafsiri za mikutano pale AICC, kituo cha mikutano cha Arusha, ni wachache kuliko tunavyodhani. Usichague chuo kinachokufundisha kukionea haya.

Ningechagua nini

Kwa aliyemaliza kidato cha nne na anataka habari kweli kweli: stashahada, karibu na nyumbani, kisha kazi, kisha shahada. Sina wasiwasi na hilo hata kidogo.

Kwa aliyemaliza kidato cha sita mwenye pointi: shahada, aombe na mkopo, ila aende na sharti alilojiwekea mwenyewe kwamba mwezi wa kwanza hautaisha kabla hajabisha hodi redio ya chuo. Asipopenda kubisha hodi, ni bora achukue stashahada ambako mwalimu atamfuata.

Kwa mwenye simu na jicho kama kijana wa Sakina: aendelee, asiache, lakini atafute ngazi ya 4 ya jioni au ya mwishoni mwa wiki kama sifa zinaruhusu. Nimemwambia mwenyewe.

Na kabla ya kulipa popote, hakikisha chuo cha kati kimesajiliwa NACTVET na kozi ya shahada iko kwenye mwongozo wa TCU. Kisha fanya jambo ambalo matangazo hayataki ufanye: tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili nje ya geti, umwombe akuonyeshe kazi yake ya mwisho iliyorudishwa na mwalimu.

Binti yetu alifanya hivyo. Kwenye chuo kimoja hapa Arusha, mwanafunzi alifungua WhatsApp akamsikilizisha sauti ya mwalimu: sekunde ya 14 umemkata mzee kabla hajamaliza, rudi ukahariri tena. Rafiki yake aliyeko chuo kikuu alimtumia picha ya karatasi yenye 14 kwa 20, bila neno jingine. Lakini rafiki huyo huyo alimtumia pia skripti kutoka redio ya chuo, imekwaruzwa kwaruzwa hadi pembeni, na akasema huko ndiko anakojifunzia.

Ameomba shahada ya uandishi wa habari, na mkopo. Baba yake amekubali baada ya kuiona hesabu ya mwaka mmoja kwenye karatasi. Wakati anasubiri vyuo vifunguliwe amekubaliwa kujitolea kwenye redio moja Moshi, na habari ya kwanza aliyotumwa ni bei ya ndizi soko la Mbuyuni. Alinipigia jana usiku kuuliza aandike kwa mkungu au kwa kichane.